Kanga ya Biasha na Upepo wa Bwejuu

Mafundi wa redio pale Raha Leo waliiita ile maikrofoni Bakora. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, na ndefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia begani, na jina hilo ililipata kwa sababu hakuna aliyeweza kulitamka lile la Kijerumani bila ya kuuma ulimi. Mjerumani mmoja mfupi alikuja nayo, akakaa miezi mitatu kufundisha, akarudi kwao. Uhodari wa Bakora ulikuwa mmoja: ukimwelekezea mtu aliye mbali, sauti yake inakuja peke yake na za wenzake zinabaki huko huko. Haikuwa na haja na kila mtu.

Lakini ilikuwa na maradhi. Ndani ya nyumba ilikuwa nzima kabisa. Ukiitoa nje, upepo wa kuzimia kibiriti tu uliifanya ivume ndani ya hedifoni kama lori linalopanda mlima. Ilipokuja ilivishwa koti la sponji. Joto na unyevu wa Unguja vililila koti lile kidogo kidogo, na siku Simai alipofungua sanduku, mwezi wa Juni mwaka wa sabini na mbili, alikuta unga wa kijivu chini na Bakora iko uchi.

Simai alikuwa mnasa sauti. Ni kazi ambayo msikilizaji hajui hata kama ipo. Mtangazaji hujitaja, mwimbaji hutajwa, wapiga udi na fidla hutajwa mmoja mmoja, lakini hapana siku iliyotangazwa kwamba sauti hii aliinasa Simai wa Mkunazini. Mwenyewe hakuona vibaya. Mtu aliyezoea kukaa kimya nyumbani hapati taabu ya kukaa kimya kazini.

Na nyumbani alikuwa kimya kwelikweli. Alikaa ghorofa ya juu, vyumba vitatu, yeye na mkeka wake. Mkewe Biasha aliondoka mwaka wa sitini na nne. Baba yake Biasha alikuwa Mmanga mwenye duka Bwejuu, na baada ya mambo ya mwaka ule, mzee mgonjwa na duka limefungwa, alitaka akafie kwao Maskati. Hakuwa na mwengine wa kumshika mkono ila binti yake. "Miezi mitatu tu, nnarudi," Biasha alisema. Akafungua doti ya kanga aliyopewa na mama yake siku ya harusi, iliyokwisha kulainika kwa kuvaliwa, akaitenganisha, upande mmoja akajitanda na wa pili akamwachia mumewe juu ya kitanda. Doti haikai upande mmoja, alisema, kwa hiyo lazima nirudi.

Zilikuja barua mbili. Kisha mlango baina ya Unguja na Maskati ukafungwa, huku hawaingii na huko hawatoki, na barua za miaka ile zilikuwa na safari zao wenyewe. Alizoandika Simai hazikujibiwa, wala hakujua kama zilifika. Watu walimwambia aoe. Jirani alimwambia, bosi wake alimwambia, hata muuza kahawa alimwambia, na muuza kahawa mwenyewe alikuwa ameshaachana na wake watatu. Simai alikuwa akijibu, "Inshallah." Ile kanga aliiweka sandukuni na asumini kavu, na kila Ijumaa akiitoa, akiitikisa, akiirudisha. Sasa ilikuwa mwaka wa nane.

Ndipo mkuu wa vipindi alipotaka nyimbo za kazi. Redio ilikuwa imepata mtambo mpya wenye nguvu, na watu waliotoka safari walikuwa wakisema kwamba Arabuni kote Unguja inasikika kama jirani. "Nnataka nyimbo za mashamba na za pwani," mkuu alisema. "Gari ni siku moja, Jumatano ya wiki ya tatu ya Julai. Ikipita hiyo hapana tena mpaka mwakani."

Simai hakuuliza mara mbili aende wapi. Mama yake Biasha, Bi Kazija, ambaye aliachana na yule Mmanga zamani na hakuwahi kutoka Bwejuu, ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa wanawake wa makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi mingi mpaka yaoze, kisha maji yakipwa wanawake huyafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka zitoke nyuzi za usumba za kusokotea kamba. Kupiga huko kuna nyimbo zake, na hapana mwanamke wa Bwejuu aliyekulia pale asiyeijua sauti ya Bi Kazija ikianza. Biasha angeijua hata akiisikia usingizini. Lakini Bi Kazija alishasema magoti yamemshinda, na msimu ule ndio wa mwisho kwake kushuka matopeni.

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Simai, na alilijua barabara. Jumatano moja, sauti moja, na pengine sikio moja Maskati.

Aliwahi kujaribu miaka miwili nyuma, na maikrofoni fupi ya kawaida. Alivua viatu, akaingia matopeni, akaisogeza mbele ya uso wa Bi Kazija. Bi Kazija alidondosha gongo, akavuta kanga usoni, akageuka. Wenzake wote wakanyamaza. Na walikuwa na haki yao. Mkwe ana mipaka yake. Hamfuati mama mkwe akiwa amefunga kibwebwe, matope mpaka mapajani, anaimba maneno ambayo mengine si ya kuimbiwa wanaume. Simai alirudi mjini na tepu yenye mawimbi na kikohozi. Tangu siku ile alifahamu kwamba sauti ile itapatikana kwa mbali au haitapatikana, na kwa mbali maana yake ni Bakora. Na Bakora ilikuwa haina nguo, na Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na Bwejuu iko uso kwa uso na kusi.

Basi akaanza kuishonea nguo. Kwanza alikata sponji ya godoro kuukuu, akaitoboa kwa msumari wa moto, akaichomekea Bakora ndani, akaenda kuijaribu Forodhani baada ya alasiri. Alikaa kwenye ukuta wa bahari, hedifoni masikioni, akaielekeza bustanini. Upepo ulikuwa mdogo na sponji ikauweza. Sauti za watu zilikuja karibu hata akashtuka. Mama mmoja anamkataza mtoto asile mabungo. Wazee wawili wanagombana juu ya mchezo wa bao wa jana. Kisha mwanamke mmoja, mbali, karibu na mizinga, akamwambia mumewe, "Funga kifungo hicho, upepo utakuingia." Simai alibaki ameielekeza Bakora pale pale muda mrefu, ingawa mume na mke wale hawakusema tena neno la maana. Miaka minane hakuna aliyemwambia yeye afunge kifungo.

Halafu upepo ukageuka, ukaja wa kweli, na sponji ikashindwa. Lori likapanda mlima.

Wiki iliyofuata alijaribu sufi. Aliishindilia ndani ya mfuko wa marekani na kuuzungushia Bakora kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Upepo ulinyamaza, lakini na watu walinyamaza. Kila sauti ilikuja kama ya mtu anayesema ndani ya shuka. Alijaribu kikoi chake, kikawa kizito vile vile. Alijaribu kanzu yake mpya ya Idi, akaikuta imejaa dondo, ule wanga wa kukazia nguo, kila ikiguswa na upepo inakwaruza kama karatasi. Akaivua Bakora ile kanzu na kuivaa mwenyewe, na Ijumaa watu wa msikitini walimwangalia kwa makunyanzi yake.

Jibu lilimjia nyumbani, magharibi, alipokuwa akiwasha chemli. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa ukizungusha pazia, lakini mwale wa chemli ulisimama wima. Akaitazama. Kioo hakiugusi utambi. Kingeugusa, kingeuzima chenyewe. Kinachoulinda moto ni ile nafasi ya hewa iliyotulia baina ya kioo na utambi. Yeye wiki tatu alikuwa akiivisha Bakora nguo za kubana, na Bakora ilichotaka ni chumba. Simai alicheka peke yake, na kicheko kikarudi kutoka vyumba viwili vitupu.

Jumapili alipanda gari ya abiria mpaka Bwejuu kwa Duni, fundi wa madema. Duni alikuwa mtu wa maskhara. Alisuka mitego ya samaki tangu ujanani na hajaona ajabu ya dunia isipokuwa bei.

"Nnataka dema," Simai alimwambia. "Refu kushinda mkono wangu kidogo, nene kama paja, fito nyembamba kabisa, na mlango upande mmoja."

"La samaki gani hilo? Mkunga?"

"La upepo."

Duni alimtazama. "Upepo nshauona ukitegwa na tanga. Kwa dema, wewe wa mwanzo." Lakini alisuka, akasuka vizuri, na mchana ule ule Bakora ilining'inia katikati ya kijidema chake kwa mipira minne iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, haigusi popote.

Sasa ilibaki nguo ya kulifunika dema. Hapo Simai alishajua anataka nini, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamemfundisha: pamba nyembamba, isiyo na dondo hata chembe, iliyofuliwa na kufuliwa mpaka imekuwa laini, ipitishe sauti na ivunje upepo. Kwa maneno mengine, kanga kuukuu. Dukani hazikuwepo hata mpya, kanga zilikuwa za foleni, na mpya zisingefaa kitu. Kuazima? Mwanamume anayekaa peke yake agonge milango ya watu akiomba kanga kuukuu za wake zao, mji mzima ungekuwa na hadithi kabla ya adhuhuri. Alizunguka na fikra hiyo siku mbili, akijifanya hajui. Alijua. Kanga kuukuu ilikuwemo sandukuni mwake, na asumini kavu.

Jumanne baada ya sala ya alasiri aliitoa. Hakuitikisa safari hii. Aliitandika juu ya meza. Ilikuwa ya rangi ya kahawia na nyeupe, mwaka wa nane haijavaliwa na mtu, na kabla ya hapo Biasha aliivaa mpaka ikawa nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Pembeni iliandikwa jina lake, *Subira yavuta heri*. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya dema, akapuliza kwa mdomo huku amevaa hedifoni. Hapakuvuma kitu. Alisikia kunguru wa nyumba ya tatu, wazi, kama yuko begani.

Alitamani ingeshindwa. Tuseme kweli, alikaa pale akiiombea ishindwe, apate sababu ya kuikunja na kuirudisha. Doti haikai upande mmoja. Akiikata, Biasha akirudi na upande wake, watauunga na nini? Lakini asipoikata, huyo Biasha ataitwa na nani? Alichukua mkasi, akaikata kwa kuyazunguka yale maandishi, yakabaki mazima kwenye kipande chembamba kama utepe. Alishona mwenyewe, sindano ikimchoma kila mara, na alipomaliza alikuwa analia bila ya sauti, kama alivyofanya kila kitu.

Jumatano kwenye kizuizi cha njia ya kusini askari alisimamisha Landrova ya redio. Mwaka ule wa kuuawa kwa Rais, kitu kirefu kilichofunikwa nguo hakikupita hivi hivi.

"Nini hiyo?"

"Maikrofoni."

"Imevaa kanga?"

"Naam. Inasikia baridi."

Askari aliigonga kwa kidole, akasikia fito, akatikisa kichwa, akawaachia.

Bwejuu maji yalikuwa yamekupwa na kusi inapiga mpaka minazi imeinama. Wanawake walikuwa mbali kwenye mashimo ya makumbi. Simai alikaa nyuma ya ngalawa iliyopinduliwa mchangani, akaiweka Bakora juu ya ubavu wa ngalawa ile. Bi Kazija alikuja kwanza, ametoka nyumbani, hajashuka matopeni bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Safari hii hunisogelei?"

"Sikusogelei. Nnakaa hapa hapa."

Bi Kazija aliitazama ile nguo. Alinyoosha mkono akaigusa kwa ncha za vidole viwili. Aliinunua yeye mwenyewe kanga ile, kwa fedha za kamba, na hakuhitaji kuambiwa.

"Umeikata," alisema.

"Nimeikata, mama. Pengine atakusikia."

Bi Kazija aliushusha mkono. Alikwenda zake kwa wenzake, polepole kwa ajili ya magoti, akaingia shimoni, akachukua gongo. Simai alivaa hedifoni na kuzungusha kitufe cha rekoda. Kusi ilikuwa ikimpiga kanzu kama tanga, mchanga unamwingia machoni, lakini masikioni mwake hapakuwa na upepo. Palikuwa na magongo, tope likinyonya miguu, pumzi ya mwanamke mzee. Kisha sauti.

*Kumbi nimelifukia, mwezi sita matopeni,*
*limeoza nalipiga, nyuzi zitoke za ndani,*
*aliyekwenda arudi, kamba imo mkononi.*

Mistari ile miwili ya mwanzo Simai aliijua. Wa tatu haukuwa wa wimbo ule. Wanawake wengine walisita kidogo, wakatazamana, halafu wakaupokea, na magongo yakaendelea.

Wimbo ulitangazwa mwezi wa Agosti, mara tatu, saa ya jioni. Mtangazaji alimtaja Bi Kazija na wenzake wa Bwejuu. Simai alisikiliza nyumbani kwa redio yake ndogo, akijua ni usikivu wa bure, kwa sababu redio haimwambii mtu nani mwengine anasikiliza. Kisha ikapita Ramadhani, ikapita Idi. Kwa posta hakikuja kitu.

Barua ilikuja Februari, tena si kwa posta. Hujaji mmoja wa Makunduchi alikutana Makka na watu wa Maskati, akapewa bahasha ya kupeleka Bwejuu kwa Bi Kazija. Bi Kazija alisoma Kurani vizuri, lakini barua ilikuwa kwa herufi za kizungu, na mtu aliyemwamini kumsomea alikuwa mmoja tu. Alimwita Simai. Walikaa barazani, yeye kwenye kiti cha mbao, mama mkwe ndani kidogo ya mlango kama ilivyo adabu, na Simai akasoma kwa sauti.

"Mama, baada ya salamu nyingi, nimekusikia. Nilikuwa jikoni nikasikia magongo, kabla hujaimba nikajua ni wewe. Niliacha chungu kikaungua. Niliwaita watoto waje wasikie sauti ya bibi yao..."

Neno lilikuwa limeshamtoka kabla hajalielewa. Watoto. Wawili, barua ilisema, wa kike na wa kiume. Kadhi wa huko alimvunjia ndoa mwaka wa sitini na nane, baada ya miaka minne bila ya habari, akaolewa na mwengine. Simai aliendelea kusoma. Mnasa sauti hazimi rekoda katikati.

"Sauti yako ilikuwa karibu, mama, kama umekaa kizingitini. Nilistaajabu. Siku ile Bwejuu hakukuwa na upepo? Na Simai, kama yu hai, mwambie anisamehe. Upande wangu wa kanga ninao, nimemfunikia mwanangu wa kwanza alipozaliwa."

Alikunja barua. Kuku walipita mbele ya baraza. Bi Kazija alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga yake.

"Hakujua kama ni wewe," alisema mwisho.

"Angejuaje, mama? Sisi hatutajwi."

"Basi mimi nnakutaja. Chukua kalamu, yule hujaji ana mtu anakwenda Mombasa, na huko itapata chombo cha Maskati. Andika. Mwambie upepo ulikuwepo, kusi tupu, ya kung'oa makuti. Mwambie aliyeinasa sauti yangu ni Simai, na kilichozuia upepo ni kanga yake mwenyewe Biasha, Simai aliiweka miaka minane na akaikata ili Biasha asikie. Andika hivyo hivyo nlivyosema."

Simai aliweka karatasi gotini, akaandika. Aliandika taratibu, kwa hati nzuri aliyofundishwa skuli, na Bi Kazija alisikiliza kalamu ikikwaruza mpaka iliponyamaza.

"Ushaandika?"

"Nshaandika."

"Nisomee."

Simai aliiinua karatasi. Juu yake palikuwa na salamu, na habari za magoti, na mistari miwili: *Simai yu hai na amekusamehe tangu zamani. Siku ile Bwejuu palikuwa shwari.* Akakohoa kidogo, akaikazia macho, akamsomea mama mkwe wake maneno yake yote aliyoyasema, ya kusi, ya mnasa sauti na ya kanga, hakuacha hata moja.

"Vizuri," alisema Bi Kazija. "Itie ndani ya bahasha."